Nani Alikufunga Huo Mkanda?

Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, marobota ya mitumba yanapofunguliwa alfajiri, si ajabu kukuta mkanda mweusi wa karate umejikunja katikati ya mapazia na suruali za jinzi. Mwingine huwa na jina la mwenyewe limetariziwa kwa uzi wa dhahabu, mtu wa Osaka au Toronto asiyejua kwamba mkanda wake umefika kando ya Mto Nairobi. Muuzaji naye hana habari. Kwake huo ni mshipi tu, na ukijua kubembeleza atakuachia kwa bei ya chapati mbili na madondo. Kesho yake waweza kuufunga kiunoni, ukapiga picha, ukabandika bango Umoja au Kitengela kwamba unafundisha. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka vyama na vilabu visajiliwe kwa Msajili wa Michezo, lakini Msajili husajili chama, hasajili viuno. Hakuna kifungu kinachosema nani anastahili mkanda mweusi na nani hastahili.

Kitambaa chenyewe, basi, hakisemi kitu. Kila mtu analikubali hilo kwa mdomo, kisha kwa vitendo tunafanya kinyume. Muhula ukiisha, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hujaa picha za watoto wa gredi ya nne wamefungwa mikanda mieusi, na pongezi zinamiminika: hongera bingwa, sasa wezi wakome! Baba mmoja anauliza ada ni pesa ngapi. Mwingine anataka kujua kama wanachukua watoto wa miaka mitano. Swali ambalo mimi naona ndilo lenye uzito haliulizwi kabisa: ni nani aliyemfunga mtoto huyu, na aliona nini kabla ya kumfunga?

Maana ukiondoa hekaya zote, mkanda mweusi ni ushahidi. Mtu mmoja anasimama mbele ya wenzake na kusema, huyu nimemtazama kwa miaka, nimemwona akichoka, nimemwona akipigwa, nami naweka jina langu juu yake. Uzito wa mkanda ni uzito wa shahidi huyo, hauzidi hapo hata kidogo. Ndiyo maana mikanda miwili iliyofumwa kiwanda kimoja, mmoja kiunoni mwa mtu wa Dandora na mwingine kiunoni mwa mtu wa Runda, inaweza kumaanisha mambo yasiyokutana popote.

Hata mwanzo wake ulikuwa hivyo. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo na ukumbi wake wa Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi. Kabla yake, shule za jujutsu zilitoa hati chache sana, na mwanafunzi aliweza kuisubiri moja kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Kano akaazima daraja za dan kutoka mchezo wa go, ule wa kete nyeusi na nyeupe, na mwaka 1883 akawapa daraja la kwanza wanafunzi wake wawili, Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo. Mkanda ulikuwa haujakuwapo. Ulifuata miaka michache baadaye. Ulikuwa alama ya matumizi ya ndani, ya kumtofautisha aliyekwisha kuiva na anayeanza katika ukumbi uliojaa watu wanaoangushana. Mtu akikushika kola, ni vyema ajue mapema kama unajua kuanguka.

Gichin Funakoshi, Mwokinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliuiga utaratibu huo akatoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Zile rangi za njano, machungwa, kijani na buluu zilikuja kuvuma Ulaya, Mikinosuke Kawaishi alipokuwa akifundisha judo Paris katika miaka ya 1930. Kwa hiyo msururu wa rangi ambao mzazi wa Lavington anaulipia kila muhula haukushuka kutoka mahekalu ya kale milimani. Una umri wa nyanya yako tu.

Sisi Nairobi tuliipokea habari hii kwa njia ya sinema. Kizazi kimoja kilimwona Bruce Lee katika kumbi za River Road, kingine kikakaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video mitaani huku DJ Afro akisimulia mateke kwa Kiswahili na Sheng, na kwa kweli msimulizi huyo ameokoa filamu nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Humo ndimo tulimojifunza kwamba mwenye mkanda mweusi anapaa, anapiga watu ishirini, halafu anapangusa vumbi begani. Mpaka leo wapo wanaoapa kuwa ukifika daraja hilo lazima mikono yako isajiliwe kituo cha polisi kama bunduki. Hakuna sheria ya namna hiyo nchini Kenya. Ukimuumiza mtu ukijitetea, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaielekeza mahakama kwenye kanuni za sheria ya mazoea ya Kiingereza, na hakimu atataka kujua kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili. Mkanda wako huenda ukatajwa, na huenda wakili wa upande wa pili ndiye atakayeutaja kwa furaha.

Ili kuuelewa vizuri mkanda huu, uweke kando ya ule mwingine tunaoujua zaidi jijini, wa masumbwi. Fatuma Zarika alitwaa ubingwa wa dunia wa Baraza la Masumbwi la Dunia (WBC) uzani wa super bantam mwaka 2016 huko Flint, Michigan, akautetea mara kadhaa, na mwaka 2019 Yamileth Mercado akamnyang'anya huko Mexico. Hapo hakuna utata. Mkanda wa bingwa husema wewe ndiwe leo, na siku ukipigwa unaufungua na kumkabidhi aliyekupiga. Ndondi haina daraja katikati. Kijana wa Muthurwa au Kariobangi hupimwa kwa mapigano aliyoshinda na aliyoshindwa, na rekodi yake inasomeka na kila mtu.

Mkanda mweusi haunyang'anywi. Ukiupata ukiwa na miaka ishirini, ukaacha mazoezi, ukaota kitambi, ukapanda ngazi za ofisi ukihema, bado ni wako. Ndiyo kusema unazungumzia jambo lililopita: kwamba wakati fulani, katika ukumbi fulani, mbele ya mtu fulani, ulikuwa hivi. Watu wa ndondi huucheka mkanda wa aina hii, na nawaelewa. Lakini nadhani wanapima kitu kingine. Ndondi inauliza nani mkali zaidi. Mtihani wa mkanda, ukifanywa kwa haki, unauliza kama mtu huyu anaweza kuaminiwa na miili ya wenzake.

Nenda ukautazame mtihani wa kweli kwenye ukumbi wa jamii wa Eastlands, uketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Msichana wa mkanda wa kahawia, miaka kumi na tisa hivi, amekwisha kufanya ngumi na mateke ya msingi, amefanya kata zake, ile miondoko iliyopangwa ya kupigana na hewa, na sasa ni kumite, kupambana na mtu. Katika mitindo ya karate kama kyokushin mtahiniwa wa dan ya kwanza kwa kawaida hupangiwa wapinzani kumi mfululizo. Kwingine huwa wachache, lakini desturi ni ileile, kwamba kila anayeingia ni mbichi na wewe ndiye unayezidi kuisha. Wa tatu anamgonga mbavuni hadi sauti inasikika nje. Anainama, anarudi. Mikono yake imeshuka usawa wa kiuno, kila akiipandisha inashuka tena. Wa tano anamwaibisha, anamfagia miguu na kumwangusha mbele ya mama yake. Kisha, kwa makusudi, sensei, yaani mwalimu, anamwingiza mvulana wa mkanda wa kijani, mwembamba, macho yamemtoka kwa woga.

Hapa ndipo mtihani ulipo. Msichana ana hasira, ana aibu, pumzi hana, na mbele yake kuna mtu anayeweza kumalizia machungu yote. Anatupa teke la kichwa, na linasimama upana wa kidole kutoka sikio la mvulana. Anamgusa kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu, anamsukuma, anamwacha ajaribu. Sensei, aliyekuwa amekunja mikono tangu asubuhi, anaandika kitu kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Kumpiga mvulana yule kungekuwa rahisi, na mtahiniwa aliyefanya hivyo mwaka uliopita aliambiwa arudi mwezi wa nane.

Sasa hebu tuongee pesa, kwa sababu huko ndiko ushahidi unakoharibikia.

Mwalimu wa mtaa hali mkanda. Analipia ukumbi, ada za wanafunzi zinaingia kwa M-Pesa mia mbili leo, mia tatu wiki ijayo, na nusu ya darasa hawalipi kabisa kwa sababu akiwafukuza wataishia kona anayoijua vizuri. Vyeti vya makao makuu ya Japani au Korea vinalipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kutoza ada ya mtihani si dhambi. Namtetea kabisa. Tatizo linaanza pale kipato cha mwezi kinapotegemea matokeo: mitihani inawekwa kila muhula, rangi zinaongezwa katikati, mstari huu, nusu mkanda ule, na kila hatua ina bei yake. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumwangusha mtoto mtihanini, maana akimwangusha, mzazi atahamia klabu ya ng'ambo ya barabara. Shahidi amekuwa muuzaji, na muuzaji hasemi vibaya juu ya bidhaa yake.

Wala tusijifanye tunashangaa. Hii ni nchi ambayo mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa serikali walikutwa na vyeti ghushi. Tumezoea kuthamini karatasi kuliko alichokiona mtahini. Mzazi aliyekulia katika mazingira hayo anapolipia mkanda wa mwanawe, kichwani mwake ananunua cheti kingine cha kuweka kwenye faili, karibu na kile cha kuogelea na kile cha piano.

Swali la watoto lina majibu yake, na mashirika makubwa yameyatoa kwa njia tofauti. Kukkiwon ya Seoul, iliyofunguliwa mwaka 1972 na ndiyo inayotoa vyeti vya taekwondo vinavyotambuliwa na shirikisho la dunia, World Taekwondo, humpa mtoto wa chini ya miaka 15 daraja la poom badala ya dan, na mkanda wake ni nusu nyekundu nusu nyeusi. Shirikisho kubwa la jujutsu ya Kibrazili, IBJJF, halimruhusu mtu kufunga mkanda mweusi kabla ya miaka 19, na wengi hufika hapo baada ya miaka kama kumi ya mazoezi. Mimi naegemea upande wa hao wa pili. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na teke zuri kuliko langu na lako, lakini hajawahi kuwa na nguvu za kumdhuru mtu akachagua kutomdhuru, na ukimpa mkanda unamtolea ushahidi kwa jambo ambalo bado halijamfika.

Shahidi anaweza pia kupotoshwa na vitu visivyo pesa. Keiko Fukuda alianza judo Kodokan mwaka 1935, akafundishwa na Kano mwenyewe. Alipofika dan ya 5 akakwama hapo miaka mingi, kwa sababu kanuni haikumruhusu mwanamke kupita hapo. Ilibidi watu waandike barua za kulalamika, na mwaka 1972 ndipo alipopewa ya 6. Kodokan ilimpa ya 9 mwaka 2006, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Kila siku ya miaka ile aliyokwama, mkanda wake ulikuwa ukisema uongo juu ya uwezo wake, na uongo huo ulikuwa wa shahidi, haukuwa wake.

Upande wa pili kuna mikanda ya heshima. Mwaka 2013 World Taekwondo ilimpa Vladimir Putin dan ya 9 ya heshima, ikampokonya mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Mwaka 2021 Kukkiwon ilimpa Donald Trump dan ya 9 vilevile. Putin angalau ni mtu wa judo tangu ujana. Kwetu tuna udaktari wa heshima, kwa hiyo hatuna la kuwacheka Wakorea.

Kuna Wanairobi wanaojifunza kupigana bila kujali habari ya mikanda, na kila ninapofikiria suala hili nao hunijia. Korogocho kuna kikundi cha akina shosho, Shosho Jikinge, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana kujifunza kujitetea kutokana na wabakaji wanaowalenga wanawake wazee. Wanajifunza kupiga kelele, kugonga pua, kidevu na koo, kutumia kiwiko na mkongojo, kisha kukimbia. Hakuna kata, hakuna gredi. Mama wa miaka sabini hahitaji miaka kumi ya kungojea daraja. Anahitaji kitu cha kufanya leo usiku mlango ukisukumwa. Mzazi anayempeleka binti yake karate kwa ajili ya usalama wake wa barabarani ajue kuwa alichokitaka yeye kinafanana zaidi na mazoezi ya Korogocho. Karate ikifundishwa vizuri itamfikisha huko pia, ila kwa njia ndefu, na mwalimu mwaminifu atamwambia binti huyo kwamba akitolewa kisu kwenye giza la mzunguko wa Globe, akabidhi simu.

Hata kwenye kilele cha michezo mkanda hufanya kazi ndogo. Dickson Wamwiri alipoiwakilisha Kenya katika taekwondo Beijing 2008, na Faith Ogallo katika Olimpiki ya Tokyo, dan ilikuwa tiketi ya kuingilia mlangoni. Ndani ya ulingo kila mtu anayo.

Ukiniuliza basi mkanda mweusi unaonyesha nini, nitakuambia nenda ukumbini saa moja kabla ya darasa. Wengi huacha wakiwa na mkanda wa njano au kijani, wakati ugeni umekwisha na maumivu yamebaki, au karo imekosekana, au kazi ya mjengo imepatikana. Anayebaki mpaka mweusi, katika klabu isiyouza, mara nyingi ndiye anayeshika funguo za ukumbi. Ndiye anayefagia sakafu kabla ya watoto kuvua viatu, ndiye anayejua kwamba Otis hajaja wiki mbili na anakwenda kwao kuuliza. Sensei akisafiri au akiugua, darasa haliahirishwi. Nusu ya vilabu vya mitaani vingekuwa vimekufa kama si vijana watatu wanne wa dan ya kwanza wanaofundisha bila malipo baada ya kushuka matatu kutoka kazini. Kijana wa namna hiyo mwenyewe yu chini kabisa ya ngazi ya dan kumi, na kwa mara ya kwanza mwalimu anaanza kumsahihisha mambo madogo ambayo zamani aliyaacha yapite, kama nyonga inayochelewa au kisigino kinachoinuka.

Mzazi anayetafuta klabu mwezi huu wa likizo anaweza kuanza kwa kuuliza wangapi walianguka mtihani uliopita. Jibu likiwa hakuna, asikimbilie kuondoka, kwa sababu mwalimu mzuri hampeleki mtihanini asiyekuwa tayari. Aulize tena: wangapi waliomba kufanya mtihani wakaambiwa wangoje, na je, mtahini alikuwa huyuhuyu anayepokea ada au alialikwa kutoka klabu nyingine? Halafu asiende kutazama siku ya mtihani, yenye keki na mpiga picha. Aende Jumanne ya kawaida, saa kumi na moja jioni, aangalie wenye mikanda mieusi wanavyowashika watoto wa mikanda mieupe.